X-Trail NT31: nimebadilisha kontrol boksi, sasa taa tatu zinawaka dashibodi na kila fundi ana lake

#1 Mkazi wa Nzuguni
Wakuu, heri ya jioni. Nipo Dodoma, nina Nissan X-Trail NT31 ya 2009, injini MR20, gia ya otomatiki aina ya CVT, 4WD. Gari lilikuwa zima mpaka wiki tatu zilizopita nilipolipeleka kuosha. Kijana akaniuliza kama aoshe na injini, nikamkubalia. Akaingiza bomba la presha chini ya boneti, akapiga maji mpaka karibu na betri. Kesho yake asubuhi likagoma kuwaka.

Fundi wa kwanza alifungua kontrol boksi ya injini (kompyuta inayoongoza injini) akakuta maji ndani, akasema imekufa. Nikaagiza iliyotumika kutoka Dar, muuzaji akaniambia "MR20 ni MR20, funga utembee". Ikaja kwa basi, ikafungwa. Skana (kifaa cha kusoma kodi za hitilafu) ikatoa kodi P1611, boksi mpya na mfumo wa funguo havitambuani. Fundi akaandikisha funguo upya, gari likawaka.

Tangu siku hiyo dashibodi inawaka taa ya injini, ya 4WD na ya SLIP (ya gari kuteleza). Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko 1,100 kwa dakika. Nikiweka D linaruka kama limepigwa teke. Skana inasoma U1000, P0507 na C1130. Fundi wa pili anasema programu ya boksi haiendani na gari. Wa tatu anasema ABS ya breki imekufa, anataka laki sita. Wa nne anasema ni gia boksi. Nimelala na hili jambo usiku kucha, na gari ndilo linalopeleka watoto shule. Naombeni msaada kabla sijatoa hela tena.

#2 Zabibu Mbivu
Pole mkuu. Nakaa hapa kusubiri wajuzi, na mimi nina NT31.

#3 Fundi Umeme Kizota
Mkazi wa Nzuguni, hiyo laki sita iache mfukoni. ABS yako haijafa.

C1130 inasomwa kwenye boksi ya ABS, lakini maana yake ni kwamba ABS imepokea taarifa kutoka kontrol boksi ya injini kuwa injini ina hitilafu. Yaani jirani anapiga kelele kwa sababu nyumba yako inaungua. Ukimaliza tatizo la injini, ukafuta kodi, SLIP inazima yenyewe. Nimeshaona watu wamenunua pampu ya ABS nzima kwa sababu ya kodi hii, inaniuma kila mara.

P0507 maana yake sailensi iko juu kuliko ile inayotakiwa. Kwa MR20 yenye CVT inatakiwa izunguke karibu 700. Boksi uliyofunga haijui throtobodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ya gari lako. Boksi ya zamani ilijifunza jinsi throtobodi yako inavyofunga na uchafu wake wote, hii mpya imekuja na kumbukumbu za gari jingine. Ukiweka D injini ikiwa 1,100, lazima liruke. Si gia boksi.

Fanya hivi. Kwanza gari lipate moto vizuri, gia P, zima AC, taa na redio, usukani unyooke. Betri isome zaidi ya volti 12.9 injini ikiwa inanguruma, la sivyo boksi haikubali kujifunza. Zima. Mguu usiguse pedali. Washa swichi ON sekunde 2, zima sekunde 10, washa tena sekunde 2, zima sekunde 10. Hapo umeifundisha pedali, na throtobodi utaisikia ikijisogeza ukizima. Kisha swichi ON, hesabu sekunde 3, kanyaga na kuachia pedali mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7, kanyaga mpaka mwisho, shikilia. Taa ya injini itaanza kuwaka na kuzima. Baada ya kama sekunde 20 itaacha kumeta na kubaki imewaka. Hapo achia pedali ndani ya sekunde 3, washa injini, iache inanguruma sekunde 20. Tumia saa, usikadirie. Wengi wanashindwa kwenye kuhesabu.

#4 Mhandisi Mlimwa
Fundi yuko sahihi kuhusu C1130 na kuhusu kujifunza sailensi. Ila naogopa tukikimbilia hapo tutaruka swali kubwa: hiyo boksi imetoka gari gani?

"MR20 ni MR20" ni kauli ya muuzaji. MR20DE imefungwa kwenye X-Trail, Dualis, Serena C25, Lafesta na Bluebird Sylphy. Chuma kinafanana. Ndani ya boksi kuna majedwali ya mafuta, ya muda wa cheche, ya jinsi throtobodi inavyofunguka ukikanyaga, na orodha ya boksi nyingine ambazo inatarajia kuzungumza nazo. Gari la 4WD lina boksi ya 4WD inayosubiri taarifa ya nguvu ya injini kutoka kontrol boksi. Ukifunga boksi ya gari lisilo na 4WD, soketi inaingia, injini inawaka, lakini kuna mazungumzo ambayo hayakamiliki. Matokeo yake ni U1000, yaani kodi ya maboksi kukosa mawasiliano, na taa ya 4WD.

Mkuu, tusomee namba iliyobandikwa kwenye boksi zote mbili, ya zamani na mpya. Kwa Nissan inaanza na 23710, kisha dashi. Kinachofuata baada ya dashi ndicho ninachotaka.

#5 Dereva wa Singida
Mimi nilipitia haya kwa IST. Langu ni NCP61, injini 1NZ ya cc 1500. Fundi akanifungia boksi ya NCP60, ile yenye 2NZ ya cc 1300. Likawaka vizuri tu, nikafurahi. Nikatoka Dodoma kwenda Singida. Kupanda kilima kidogo gari linakosa pumzi, mafuta yanaisha kama linavuja, plagi zikawa nyeupe. Kodi ilikuwa P0171. Nikabadilisha sensa ya hewa, nikabadilisha pampu ya mafuta, nikasafisha nozeli. Miezi miwili! Siku moja kijana mmoja akasoma namba ya boksi akaniuliza, "Kaka, hili gari ni 1300?" Nilikaa chini ya mti nikanyamaza.

Kwa hiyo Mhandisi nakuunga mkono. Namba kwanza.

#6 Mbuyu wa Bahi
Dereva wa Singida, miezi miwili na hukusoma karatasi iliyobandikwa? 😂 Pole ndugu.

Mimi nasema tatizo ni mwinuko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa nyepesi. Boksi imetoka gari la Dar, imezoea hewa nzito ya pwani. Lazima ichanganyikiwe.

#7 Mhandisi Mlimwa
Mbuyu, hapana. MR20 ina sensa inayopima hewa inayoingia, kwa uzito wake. Hewa ikiwa nyepesi sensa inaona, mafuta yanapungua papo hapo. Mabasi na malori yanatoka Dar yanafika hapa kila siku bila kufundishwa chochote. Marekebisho madogo ambayo boksi imehifadhi yanajirekebisha ukiendesha siku chache. Mwinuko hauwezi kutoa U1000.

#8 Mzee wa Athi
Vijana, shikamooni hamjanipa lakini nawasalimu.

Nina miaka mingi kwenye umeme wa magari, nimeanza na magari ya pointi na kondensa. Jambo moja halijabadilika: boksi ikikosa athi nzuri (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) inasema uongo. Injini ikioshwa kwa presha, kitu cha kwanza kuharibika ni zile nyaya za athi zinazofungwa kwenye bodi na kwenye bloku. Maji na vumbi letu la Dodoma vikikaa kwenye boliti, inakuwa saruji.

Kipimo ni rahisi. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini. Mtu apige stata. Ikizidi 0.2, athi yako ni mbovu. Na betri ikilala usiku isome 12.6 au karibu yake. Ikisoma 12.1, usihangaike na programu, betri yenyewe ina njaa. U1000 inapenda kuingia kwenye kumbukumbu volti zikishuka wakati wa stata, halafu inabaki pale inatisha watu.

#9 Mkazi wa Nzuguni
Shikamoo Mzee wa Athi, na shukrani wote. Kesho asubuhi kabla ya kazi nitapima betri na athi. Boksi ya zamani ipo kabatini, nitaisoma namba.

#10 Chuma Chakavu
Mimi siamini hizi kodi. Nina skana ndogo ya Bluetooth, ya bei rahisi. Nikiunganisha kwenye gari la shemeji inasema gari lina hitilafu nane, la kwangu haiunganishi kabisa. OBD2, ule mfumo wa kusomea kodi, imeanza 2000, kwa hiyo magari yote ya baada ya hapo yangepaswa kusomeka. Haya mambo ni biashara ya mafundi.

#11 Mhandisi Mlimwa
Chuma, OBD2 ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, Ulaya magari ya petroli 2001. Haya ya kwetu mengi yametengenezwa kwa soko la Japani, na soko hilo halikufuata sheria hizo kwa miaka mingi. Ndiyo maana unakuta soketi ya pini 16 iliyo sawa kwa macho, lakini gari linazungumza lugha ya kiwanda chake. Skana ndogo haiielewi, inabaki kimya. Si gari bovu, si wizi.

NT31 ya 2009 inatumia CAN, njia ya nyaya mbili ambayo maboksi yanazungumzia, hivyo kwa injini skana ndogo inaweza kusoma. Kwa ABS, 4WD na CVT inahitaji skana inayojua Nissan.

#12 Mama Wawili Makole
Chuma Chakavu nakuelewa, maana hasira hiyo ninayo. Mwanamke ukienda gereji na taa ya injini, bei inaanza laki tatu kabla boneti haijafunguliwa. Ndiyo maana nilijifunza kusoma kodi mwenyewe. Herufi ya kwanza inakwambia eneo: P ni injini na gia, C ni breki na chasisi, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya maboksi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0 ni kodi ya wote, ikiwa 1 ni ya kiwanda. Kwa hiyo huwezi kutafuta P1611 ya Nissan kwenye orodha ya gari jingine. Nilipoingia gereji nikisema "nina U1000, sitaki kubadilisha chochote, nataka tupime waya", bei ilishuka na heshima ikapanda.

Na kisa changu kilikuwa panya. Nitasimulia tukipata vipimo vya Nzuguni.

#13 Mkazi wa Nzuguni
Vipimo vya leo:

Betri asubuhi kabla ya kuwasha 12.1. Injini ikinguruma 13.9. Athi wakati wa stata 0.6.

Namba: boksi ya zamani ni 23710-JG halafu tarakimu. Mpya ni 23710-JD halafu tarakimu. Sijaandika zote, lakini hata mwishoni hazifanani.

#14 Mzee wa Athi
0.6! Nilisema. Fungua boliti za athi zote, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi kidogo baada ya kukaza. Betri ipeleke ikachajiwe usiku mzima, ikirudi 12.1 tena basi imechoka.

#15 Mhandisi Mlimwa
Na mimi nilisema. JG ni familia ya X-Trail T31, kizazi cha gari lako. JD ni familia ya Dualis. Mkuu umefunga ubongo wa Dualis kwenye X-Trail. Athi irekebishwe, ndiyo, lakini hata ikiwa safi kama dhahabu, boksi bado itakuwa na programu ya gari jingine.

#16 Fundi Umeme Kizota
Mhandisi twende taratibu. Hizo herufi zinaonyesha kipuri kilibuniwa kwanza kwa gari gani. Kwenye X-Trail T31 utakuta vipuri vingi vimeandikwa JD kutoka kiwandani. Na Dualis zipo za 4WD, KNJ10. Kama boksi imetoka kwenye KNJ10, ile hoja ya 4WD haisimami.

Nimefunga boksi za namba tofauti zikafanya kazi miaka. Nimefunga pia za namba zinazokaribiana zikagoma. Namba peke yake si hukumu.

#17 Mhandisi Mlimwa
Kwa vipuri vya chuma nakubali. Kwa kontrol boksi sikubali. Boksi mbili zenye bodi ileile ya umeme zinaweza kubeba programu mbili. Tunachotakiwa kulinganisha ni namba ya programu iliyo ndani, ile ambayo skana inaisoma kama namba ya kalibresheni. Aliyeandikisha funguo alikuwa na skana ya uwezo huo, alipaswa kuiangalia kwanza.

#18 Mfugaji Kongwa
Kuna mtu kaniambia NT31 ukibadilisha boksi lazima uandike upya data za CVT, la sivyo gia boksi inaungua. Kweli?

#19 Fundi Umeme Kizota
Mfugaji, hiyo ni ukibadilisha boksi ya gia au valvu bodi ya gia boksi. Pale kuna data za kipimo cha gia boksi yako ambazo zinatakiwa kuandikwa. Mkazi amebadilisha ya injini tu. Wanaziita zote "kontrol boksi" ndiyo maana watu wanachanganya.

#20 Mfugaji Kongwa
Asante fundi. Nilikuwa naogopa bure, langu ndilo linapeleka maziwa mjini.

#21 Dereva wa Singida
Kwa kuongezea kuhusu CVT: nilipanda Nyang'oro nikienda Iringa na X-Trail ya kaka, mchana wa Oktoba, mizigo imejaa. Katikati ya kilima gari likapoteza nguvu, nikadhani limekufa. Tukasimama, tukanywa maji, baada ya nusu saa likapanda vizuri. CVT ikipata joto inajilinda, inapunguza nguvu. Hakukuwa na taa hata moja. Sasa mtu mwenye boksi mpya akikutana na hilo atasema ni programu.

#22 Mkazi wa Nzuguni
Wakuu, leo Jumapili nimefanya kazi. Athi nimesafisha tatu, moja ilikuwa ya kijani kabisa. Sasa kwenye stata inasoma 0.1. Betri imechajiwa, asubuhi 12.5. Nikafanya ule utaratibu wa Fundi #3. Mara ya kwanza nilishindwa, mara ya pili nikashindwa, mara ya tatu mke wangu akashika saa akawa ananihesabia. Taa ikameta, ikatulia, nikaachia. Sailensi ikashuka, inasoma 700 na kidogo. Nimefuta kodi. Taa zote tatu zimezima! Ukiweka D halishtuki. Fundi na Mzee, Mungu awabariki.

#23 Zabibu Mbivu
Hongera! Na mwambie shemeji hongera kubwa zaidi, yeye ndiye fundi hapo.

#24 Chuma Chakavu
Kwa hiyo programu ya Dualis haikuwa tatizo. Mhandisi upo?

#25 Mhandisi Mlimwa
Nipo. Endesheni kwanza. P0507 imepona, nakiri, na sikuwahi kuipinga. U1000 haijathibitishwa.

#26 Mkazi wa Nzuguni
Nimerudi, na sina furaha. Siku mbili gari lilikuwa safi, mjini, Kisasa, Mtumba, limetulia. Leo nimeenda Kondoa kumwona mama. Nilipopita Mayamaya, barabara imenyooka, mwendo 100, taa ya injini na ya 4WD zikawaka pamoja. Nguvu haikupungua, sailensi bado 700. Nimesoma: U1000 peke yake kwa upande wa injini. P0507 haipo. Narudi Dodoma kesho.

#27 Mzee wa Athi
Safiri salama mwanangu. Ukifika, pima soketi ya skana. Toa hasi ya betri kwanza. Mita kwenye omu, pini ya 6 na pini ya 14, zile za nyaya za CAN. Isome 120.

#28 Mhandisi Mlimwa
Mzee kwa heshima, si 120 pale. Kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho wa njia, na vimeunganishwa sambamba. Kwenye soketi unasoma karibu 60. Ukisoma 120 maana yake upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu 0 nyaya mbili zimegusana. Na kontrol boksi ya injini ndiyo mara nyingi hubeba kizuizi kimoja, kwa hiyo kipimo hiki kinatuambia pia kama boksi ya Dualis imekaa vizuri kwenye njia.

#29 Mzee wa Athi
Sahihi, 60. Nilikuwa nawaza kizuizi kimoja. Ahsante kunisahihisha.

#30 Mbuyu wa Bahi
Mimi naona angepanda treni tu kwenda Dar akarudishe boksi kwa muuzaji. SGR ipo, anafika mapema, anagombana, anarudi usiku.

#31 Mama Wawili Makole
Mbuyu, ugomvi bila ushahidi haulipi. Muuzaji atasema "gari lilikuwa na shida zake". Apime kwanza.

Sasa kisa changu. Gari lilikuwa na U1000 inayokuja na kuondoka, miezi mitano. Ukilipima limesimama, 60, safi kabisa. Ukitembea kwenye barabara ya vumbi inarudi. Nilibadilishiwa boksi moja bila sababu. Mwisho fundi mmoja mtulivu aliweka mita kwenye soketi, akamwambia msaidizi atikise nyaya kipande kwa kipande. Alipofika nyuma ya betri namba ikaruka. Panya alikuwa amekula ganda la waya, shaba imebaki wazi, ikiguswa na mtikisiko inagusa bodi. Kiangazi panya wa Makole wanatafuta joto na maji chini ya boneti. Kwa hiyo Mkazi, usipime limesimama tu. Tikisa.

#32 Mkazi wa Nzuguni
Nimepima. Limesimama 61. Nimetikisa karibu na boksi, haikubadilika. Nimetikisa soketi kubwa ya boksi yenyewe, ikaenda 64 ikarudi. Sijui kama hiyo ni kitu au ni mkono wangu kwenye mita.

Pia nimefungua boksi ya zamani. Kuna kona moja ina ukijani kwenye miguu miwili ya kipuri kidogo. Kwingine kote inang'aa.

#33 Fundi Umeme Kizota
61 kwenda 64 inaweza kuwa ncha za mita zimelegea. Usiihukumu.

Lakini hiyo boksi ya zamani imenifurahisha. Kama ukijani uko kona moja, inawezekana haijafa. Inasafishwa kwa spiriti, inakaushwa, miguu inachomelewa upya. Ikiamka, ina programu ya gari lako. Hoja yote ya JD na JG inaisha hapo. Asiwepo mtu wa kuipuliza kwa hewa ya moto bila kipimo, wala kuianika juani siku tatu kwenye mchele.

#34 Chuma Chakavu
Si rahisi kuliko vyote mtu aiandikie boksi ya Dualis programu ya X-Trail? Kuna vijana mjini wanaflashi kwa laki moja.

#35 Mhandisi Mlimwa
Inawezekana kama bodi ndani zinafanana, na hilo lazima lithibitishwe kabla. Na wakati wa kuandika, betri isishuke hata kidogo. Inatakiwa chaja ya kushikilia volti, si kuwasha injini wala kuunganisha gari la jirani. Umeme ukiyumba katikati ya kuandika, boksi inabaki tupu, haitambuliki hata na skana. Kwa gari lenye betri iliyolala 12.1 wiki iliyopita, mimi nisingeruhusu mtu aguse kabla ya betri kupimwa kwa mzigo.

#36 Mzee wa Athi
Hapo tunakubaliana, Mhandisi. Ila mimi nashuku soketi ya kontrol boksi. Maji yaliyoingia kwenye boksi ya zamani yalipita wapi? Yalipita kwenye soketi. Boksi mpya imechomekwa kwenye soketi ileile iliyooga. Hebu angalia pini za upande wa nyaya kwa tochi.

#37 Mkazi wa Nzuguni
Mzee, nimeangalia kwa tochi. Pini mbili upande wa chini zina rangi ya kahawia. Sijaziruhusu mtu azikwangue.

Jumamosi naenda kwa Fundi Kizota na boksi zote mbili. Kuna mwenye NT31 yenye boksi nzima ya JG anayeweza kuniazima nusu saa nifunge tuone kama U1000 inabaki?

#38 Zabibu Mbivu
Yangu ni JG na ni nzima, nipo Ipagala. Nikuletee?

#39 Fundi Umeme Kizota
Zabibu una moyo mzuri, ila boksi yako haitawasha gari lake bila kuandikisha funguo, na tukiandikisha itabidi tuandikishe tena ukirudi kwako. Njoo na gari lako zima. Tutasoma namba ya programu kwako na kwake, tulinganishe maboksi yote yanayozungumza kwenye njia. Hilo halihitaji kufungua hata boliti moja.

#40 Zabibu Mbivu
Saa tatu nitakuwa Kizota.

#41 Mama Wawili Makole
Mkazi, kabla ya Jumamosi fanya kitu kimoja kwa ajili yangu. Inua ule mkanda mweusi unaofunga nyaya nyuma ya betri, utazame chini yake. Usiku huu ukiweza.

#42 Mkazi wa Nzuguni
Nimeinua. Kuna waya mmoja wa bluu umevuliwa ganda kama sentimita moja. Sijui ni panya au ni mashine ya presha.

#43 Mhandisi Mlimwa
Kwa Nissan, CAN ni bluu iliyosokotwa pamoja na pinki. Hiyo imesokotwa?

#44 Mkazi wa Nzuguni
Hapana. Iko peke yake, inapotelea kuelekea kwenye kizuio cha moto, ule ukuta kati ya injini na abiria.

#45 Fundi Umeme Kizota
Basi si hiyo jozi. Ifunge kwa tepu ya umeme isiguse bodi, usiikate, na upige picha ilipo ili Jumamosi tuianze hapo. Njoo na zile karatasi za vipimo vyako vyote, hasa ile 61 na 64.